Nyumba Alimozaliwa Mama wa Bibi: Siku Sita, Gedi Hadi Lamu

Siku ya kwanza, Jumamosi. Mombasa hadi Gedi

Tumeondoka Mombasa baada ya sala ya alfajiri, mimi na binti yangu, na kikapu cha mikate ya mofa aliyotufungia dada yangu. Binti yangu yuko chuoni mwaka wa tatu, anasomea uchoraji wa majengo. Amebeba futi ya mita 30, penseli, na karatasi kubwa alizozikunja ndani ya bomba la plastiki. Mimi nimebeba maneno ya bibi yangu.

Bibi alizaliwa Lamu mwaka 1912, akapanda jahazi kuja Mombasa akiwa mwali aliyeposwa, na akafia huku mwaka 1996 nikiwa nimemshika mkono. Mama yake alizaliwa mtumwa. Mzalia, kama walivyoitwa huku pwani wale waliozaliwa utumwani, ndani ya nyumba ya mawe mtaa wa Mkomani. Bibi hakulitamka neno hilo hata siku moja. Alikuwa akisema, "Mama alikuwa wa nyumba ile," basi. Ukimbana akwambie nyumba gani, alikutajia vitu vitatu: birika lenye sahani chini ya maji, ngazi ya vidato kumi na saba, na wikio wa kuvukia njia bila kuikanyaga. Jina la ukoo wenye nyumba alimnong'oneza mama yangu, na mama akaninong'oneza mimi mwaka jana, wiki tatu kabla hajatutoka.

Nilitaka tuanzie Gedi kwa sababu Gedi ni mji mzima wa nyumba zisizo na wa kuzisemea. Uko kando ya njia ya Malindi, ndani ya msitu, na mibuyu na mikuyu imeota juu ya kuta kama iliyoambiwa izilinde. Ukuta wake wa nje unazunguka ekari kama 45. Lipo kaburi lenye tarehe, mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Katika karne ya 17 watu walikuwa wameshauhama, na msitu ukaufunika mpaka wachimbaji walipokuja. Tangu mwaka 2024 umo katika orodha ya urithi wa dunia.

James Kirkman, mwanaakiolojia, alianza kuchimba hapa mwaka 1948. Kwa kuwa hakuna aliyejua majina ya wenye nyumba, nyumba ziliitwa kwa vitu vilivyookotwa ndani yake. Iko nyumba ya mkasi, nyumba ya simbi, nyumba ya taa ya chuma, nyumba ya ushanga wa Venice, nyumba ya sarafu za Kichina. Iko na ya jahazi, kwa sababu mtu fulani alikwaruza chombo ukutani. Nilisimama mbele ya nyumba ya mkasi nikashindwa kuondoka. Mkasi ni kitu kinachotafutwa siku hiyo hiyo kikipotea. Nani alipekua kila pembe akauliza, "Jamani, mkasi wangu nani kauchukua?" na nani aliyeshukiwa?

Binti yangu alinivuta kunionyesha chumba kisicho na mlango. Kuta nne, hakuna pa kuingilia. Kilikuwa ghala la mali, na mwenye nyumba alishuka kwa ngazi kupitia tundu la darini. "Mama, hapa waliogopa wezi," akasema. Mimi nikaona kingine. Mlango usiokuwapo hauzuii wezi wa nje tu. Ndani ya nyumba ile walikuwamo watu waliofagia, waliopika, walioteka maji, na mwenye mali hakutaka wajue njia ya ghalani.

Hao hawakuacha mawe. Baina ya ukuta wa ndani na wa nje palijaa nyumba za miti na udongo, na udongo ukinyeshewa miaka 300 hurudi kuwa udongo. Tulitembea juu yao mchana kutwa bila kuona kitu ila majani makavu na kima wakirushiana ganda.

Tumelala Malindi.

Siku ya pili, Jumapili. Malindi hadi Lamu

Basi lilichelewa saa mbili na nusu. Vizuizi vya askari njiani, vitambulisho mkononi, shuka, panda. Daraja la mto Tana huko Garsen, kisha Witu, kisha Hindi, kisha Mokowe na harufu ya mikoko. Mashua ilitufikisha Lamu jua likiwa limeshagusa maji. Nilipouona ule mstari wa nyumba za pwani nililia, na sikuwa na haya.

Siku ya tatu, Jumatatu. Nyumba ya makumbusho

Kabla ya kwenda kubisha kwa watu, nimetaka binti yangu aisome kwanza nyumba ya Kiamu ilivyo. Nyuma ya mji, ndani ya vichochoro, iko nyumba ya karne ya 18 iliyotengenezwa kuwa makumbusho, na vyombo vimepangwa kama wenyewe wametoka kidogo tu.

Nyumba ya Lamu haikupi kila kitu mara moja. Nje unapokewa na daka, lenye baraza za mawe pande mbili, pa mgeni na pa muuza samaki. Ukipita mlango uko tekani, kiukumbi cha kukukatia macho: hata mlango ukiachwa wazi, aliye njiani haoni ndani. Kisha kiwanda, ua ulio wazi juu, mwanga wote wa nyumba unaingilia hapo. Kutoka kiwandani vyumba vinafuatana mmoja nyuma ya mwingine, msana wa tini, msana wa yuu (tini ni chini na yuu ni juu, kwa Kiamu), kisha chumba kiitwacho ndani, na kila kimoja sakafu yake imeinuka kidogo kupita kilichotangulia. Kadiri unavyoingia ndivyo unavyopanda, ndivyo panavyozidi kiza na utulivu, na ndivyo wanavyopungua watu wenye ruhusa ya kufika. Nyumba nyingi za zamani zimeelekezwa kaskazini, na Makka iko huko.

Binti yangu alinyoosha futi. Vyumba ni virefu kama ushoroba lakini upana wake hauzidi mita 3. Akashangaa: watu wenye mali kiasi hiki mbona walikaa kwenye vyumba vyembamba? Nikamwonyesha juu. Boriti. Dari lote limebebwa na boriti za mikoko, na boriti nzima, iliyonyooka, yenye nguvu ya kubeba mawe na chokaa, ndiyo urefu wake huo. Tajiri wa Lamu aliweza kununua sahani kutoka China na pembe za ndovu kutoka bara, lakini mkoko haukumrefushia mti. Aliyetaka nyumba kubwa aliongeza vyumba, hakuvipanua.

Ukuta wa ndani ndio uliotunyamazisha. Zidaka, vishubaka vya ukutani, safu juu ya safu, zimechongwa kwenye chokaa kwa kisu kabla haijakauka. Zile za pembeni ni ndogo kuliko za katikati, hata jicho linadanganyika likadhani ukuta una kina. Ndani yake zilikaa sahani za kaure, vitabu, vyombo vya manukato. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, alipoyalilia majumba ya Pate katika utenzi wake wa Al-Inkishafi, alizikumbuka hizi hizi: palipopangwa sahani sasa pamelala makinda ya ndege. Kilio kile ni cha haki, na mimi kila nikikisikia husisimka. Leo, nimesimama pale, nilijiuliza tena ni mkono wa nani ulioshusha sahani zile moja moja kila wiki, ukazifuta vumbi, ukazirudisha, na moyo ukidunda isije ikavunjika moja.

Nyuma ya chumba cha ndani kuna nyumba ya kati, chumba kidogo cha mambo mazito, ambamo maiti wa nyumba huoshwa na kutayarishwa. Mwenzake ni choo, na ndani ya choo, birika. Bibi hakukosea. Ni tangi la mawe lililopakwa chokaa, na chini kabisa imejengewa sahani ya kaure. Mwongozaji wetu, kijana mpole anayejua kazi yake, akatueleza: ndani ya birika waliwekwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu, na maji yakipungua samaki hukimbilia sahanini, wakasalimika mpaka birika lijazwe tena.

Mpaka birika lijazwe tena. Binti yangu akanitazama. Yeye pia alikuwa anawaza ni nani aliyelijaza.

Ghorofani jiko, juu kabisa chini ya makuti, moshi na joto visishuke kwa wenyewe. Ghorofani pia, mahali pengine, hukaa sabule, chumba cha mgeni, chenye ngazi yake mbali na ya wenyeji. Mfanyabiashara aliyekuja na kaskazi kutoka Arabuni au Bara Hindi alingoja kusi ndipo arudi, na hiyo ni miezi. Utamweka wapi mwanamume mgeni miezi yote hiyo bila kuonana na wake na mabinti? Pepo mbili za bahari zimechora chumba.

Jioni tulikaa mbele ya ngome, iliyojengwa kati ya 1813 na 1821, tukala viazi vya kukaanga. Kesho ndiyo siku yenyewe. Usingizi haukuja mpaka usiku wa manane.

Siku ya nne, Jumanne. Mkomani

Nililitaja lile jina kwa mzee mmoja barazani, mwenye kofia ya vito na macho ya mtu aliyeona mengi. Hakuuliza ninamtakia nini. Alinyanyuka kwa fimbo, akatutangulia vichochoro vitatu, akasimama chini ya kidaraja cha mawe kilichounganisha ghorofa ya nyumba moja na ya pili, juu ya vichwa vyetu. "Wikio ndio huo," akasema. Nilikuwa sijamtajia wikio.

"Hodi!"

"Karibu. Ni nani?"

Sauti ilitoka juu. Tulipanda tukamkuta bibi wa miaka themanini na kitu, leso mbili, miwani minene, amekaa anachambua mchele. Nikambusu mkono. Akatukaribisha kwa Kiamu, "Ndooni, wanangu," na kahawa ikaja kabla ya maswali, kama inavyotakiwa. Nilimweleza kuwa tumetoka Mombasa, kwamba bibi yangu ni mzaliwa wa hapa, na binti yangu angependa kuipima nyumba aichore.

"Nimeshapimiwa nyumba hini mara nyingi," akasema. "Wanaotaka kuinunua huanza na kupima." Watu wa nje wamenunua nyumba nyingi Lamu na Shela tangu miaka ya 1990, na kila barua ya pesa inayomfikia yeye hujibu neno moja. "Haiuzwi. Ni ya wana wa kike."

Hili nalo lilikuwa la kumfafanulia binti yangu. Kwa waungwana wa Lamu, binti akiolewa hupewa nyumba, au baba humwongezea ghorofa, au hujenga ya jirani na kuiunganisha kwa wikio. Mume ndiye anayehamia. Mama na binti wakaendelea kutembeleana hewani, bila kushuka njiani. Na mwanamke wa cheo alipolazimika kushuka, zama zile, alitembea ndani ya shiraa, pazia lililoinuliwa kwa miti, na walioishika miti hiyo walikuwa vijakazi wake. Wao walionekana na kila mtu ili yeye asionekane na yeyote.

Aliruhusu tupime. Tuliliona birika. Sahani iliyo chini ni ya samawati na nyeupe, imepasuka ukingoni, pamezibwa kwa chokaa zamani sana. Hakuna samaki sasa, maji ni ya bomba. Niliingiza mkono mpaka kwenye kiwiko nikaigusa ile sahani kwa ncha za vidole. Ilikuwa baridi na laini, na ule ufa ulinikwaruza.

Kisha ngazi. Binti yangu alihesabu akishuka. Kumi na sita. Akapanda akihesabu tena. Kumi na sita. Nikahisi kama mtu amenivuta zulia chini ya miguu. Labda nyumba siyo. Labda bibi alisahau, au mama.

Bi Mkubwa alikuwa anatusikiliza kutoka juu. "Mwahesabu nini?"

"Vidato, Bi Mkubwa. Niliambiwa kumi na saba."

Kimya. Mchele ukaacha kuchakarisha. Akashuka polepole, mkono ukutani, mpaka kidato cha mwisho, akapiga sakafu kwa kisigino. "Cha kumi na saba kiko hapa chini. Baba alipotengeneza nyumba alipandisha sakafu, maji ya mvua yalikuwa yakiingia. Nilikuwa mtoto mdogo." Akaniangalia kwa miwani yake. "Nani aliyekwambia kumi na saba? Hakuna mtu aliyekihesabu kidato kile ila aliyekipanda na mtungi."

Nilimtajia jina la bibi yangu. Nikamtajia na la mama wa bibi. La bibi alilitambua papo hapo. La mama yake hakulijua, na hilo lilinichoma kuliko yote ya siku hiyo.

Akatuonyesha chumba cha chini, kushoto mwa ngazi. "Hapa ni tini tu. Twaweka nazi na kuni." Hakuna zidaka. Ukuta ni mawe ya matumbawe, chokaa yake imepakwa kwa harakaharaka, haina hata nakshi moja. Tundu moja la hewa, upana wa kiganja. Boriti nyeusi kwa moshi. Kitu kimoja tu kilikuwa kimeng'aa mle ndani: kizingiti cha mlango, kimelika katikati kama kijiko, kwa nyayo za miguu mitupu.

Binti yangu alipiga magoti akakipima kile kimo cha kulika. Sentimita 4.

Tukarudi juu. Bi Mkubwa hakusema kitu muda mrefu. Kisha akasema, polepole, anachagua neno baada ya neno: "Mama yangu na bibi yako walinyonya ziwa moja."

Mama yake alizaliwa mwaka ule ule wa bibi yangu. Bibi yake alikosa maziwa. Mama wa bibi yangu alikuwa ametoka kujifungua, huko tini, akawa anapanda ngazi usiku na mchana kumnyonyesha mtoto wa wenye nyumba kwa ziwa moja na wake kwa la pili. Sheria ya kuondoa utumwa katika pwani ya Kenya ilikuwa imeshapita, mwaka 1907. Miaka mitano alikuwa huru, na bado alikuwa tini. Angekwenda wapi? Hakuwa na shamba, hakuwa na kwao pengine anapopajua. Wengi walibaki hivyo.

Kwa dini yetu walionyonya ziwa moja ni ndugu, hawaoani, na wana wao ni wana wa ndugu. "Basi mimi ni mama yako mdogo," akasema. "Usiniite Bi Mkubwa tena."

Nilimwita Mama. Nilimkumbatia, na mwili wake mdogo ulikuwa unatetemeka, au ni wangu. Na ninaandika hapa usiku huu kitu ambacho nilimwambia na yeye, kwa adabu, nikiwa nimeishika mikono yake: maziwa yale ni undugu wa kweli, na sitaukana. Lakini mama wa bibi hakuulizwa. Ziwa lake lilitumika kama mgongo wake ulivyotumika kubebea mtungi. Yote mawili yamo katika nyumba hii, na kuitikia moja tu ni kumnyima mtu haki yake mara ya pili.

Alitikisa kichwa. "Najua, mwanangu. Ndiyo sababu sikukifungua chumba kile kwa waliokuja kupima."

Siku ya tano, Jumatano. Manda

Nilihitaji upepo. Tumevuka kwenda Manda, tukapita Maweni ambako mpaka leo wanachonga mawe ya matumbawe ya kujengea. Chokaa nayo hutoka kwenye mawe hayo hayo, yakipangwa juu ya magogo na kuchomwa, kisha kuzimwa kwa maji na kuachwa ilale. Nyumba ya Lamu basi ni bahari iliyosimamishwa: matumbawe kwa mawe, matumbawe yaliyochomwa kwa chokaa, na mikoko kwa dari. Sakafu ya juu ilipigwa kwa vigongo siku nyingi mfululizo, watu wengi kwa safu, wakiimba ili mapigo yaende sawa. Nyimbo hizo hazikubaki ukutani.

Takwa, magofu ya mji wa kale humo humo Manda, hufikiwa maji yakijaa tu, kwa mkondo mwembamba ndani ya mikoko. Msikiti bado umesimama, na nguzo yake juu ya kibla. Mji ulihamwa karne ya 17, watu wake wakaenda Shela, na wa Shela mpaka sasa huvuka kuja kuzuru na kuomba mvua. Nimeomba na mimi, si mvua.

Siku ya sita, Alhamisi. Mkomani, kwaheri

Binti yangu alikesha. Asubuhi alikuwa na ramani ya nyumba nzima kwenye karatasi moja, safi, na kila mahali ameandika jina lake kwa mkono: daka, tekani, kiwanda, msana wa tini, msana wa yuu, ndani, nyumba ya kati, choo, sabule, jiko, wikio. Amechora hata sahani ya birika na ufa wake. Kidato cha kumi na saba amekichora kwa nukta, chini ya sakafu.

Njiani kwenda kuaga tulipita Riyadha, chuo na msikiti wa Habib Swaleh, ambaye zaidi ya miaka 100 iliyopita aliwakalisha darasani watu wa mtaa wa Langoni na wana wa watumwa, wakati elimu ya dini ilikuwa ikihesabiwa mali ya koo chache. Bibi alikuwa akilitaja jina lake kwa heshima iliyopita ya mtu mwingine yeyote. Nimefahamu leo kwa nini.

Mama mdogo alivaa miwani, akaitandaza karatasi juu ya ulili, kitanda cha zamani, akaifuata kwa kidole chumba baada ya chumba. Kila jina alilisoma kwa sauti na kuitikia. Alisahihisha moja, kwamba sabule ilikuwa na dirisha la pili lililozibwa. Kidole kikashuka mpaka chini, kushoto mwa ngazi, kikasimama.

"Hapa mbona hakukuandikwa kitu?"

"Sikujua paitwe nini," binti yangu akasema. "Ulisema ni tini tu."

Mama mdogo alikaa akafikiri. Kisha akasema kwamba usiku amekumbuka. Mama yake alipokuwa mgonjwa, mwisho mwisho, alikuwa akimwita mtu kwa jina, na wao hawakujua ni nani. Akalitaja. Lilikuwa jina la kitu, kama walivyoitwa vijakazi wengi wa pwani, Johari, Zafarani, Tausi na mengine ya namna hiyo, majina ya vitu vizuri vinavyomilikiwa. Mimi nikalitaja tena lile nililolijua, jina la Kiislamu alilolichagua mwenyewe alipokuwa huru, ambalo bibi yangu alilisomea Fatiha maisha yake yote. Mtu mmoja. Ghorofani walimjua kwa jina moja, sisi kwa la pili. Sitayaandika hapa, ni ya kwetu.

"Yaandike yote mawili," mama mdogo akamwambia binti yangu.

Akayaandika. Nahodha wa mashua alikuwa ameshatuma mtoto kutuita, maji yanakupwa. Tulipoinuka, mama mdogo akatuzuia kwa mkono.

"Na mama yangu mtie. Alilala hapo mpaka alipoachishwa ziwa."

Binti yangu akanoa penseli kwa kisu cha jikoni, akaongeza jina la tatu, kwa herufi ndogo, kwa sababu chumba chenyewe ni mita 2 na nusu kwa 3.